Kuta Bila Bati

Lori la ushirika lilitoka Mwazye na magunia ya ulezi. Juu yake Zita alimpakata mwanawe mwenye homa kali, akimpeleka hospitali Sumbawanga.

"Kura yangu ni ya yule mwenye alama ya jembe," alisema Mzee Alois, msafiri mwenzake. "Ana ulimi huyo!"

"Baba, mwaka wa sabini alituahidi zahanati. Tumesimamisha kuta, bati hatujaliona mpaka leo. Huyu wa alama ya nyumba katuchimbia kisima."

"Kigugumizi yule? Bungeni atasema nini?"

"Na wako amesema nini miaka mitano?"

"Matofali yale nilifyatua mimi, binti. Usinifundishe."

Lori likasimama hospitalini. Mzee akampokea mtoto, akashtushwa na joto lake.

"Mungu amponye," akasema. "Lakini ungemsikia yule wa jembe jana mkutanoni, hata wewe ungempa kura."