Damu ya Kitovu Iliyotembea Mjini

Ndugu wazazi, mimi hata nikinunua nyanya naanza na bei, basi na ushuhuda huu nitauanzia hapo. Jambo hili lilinigharimu glasieri moja, lile sanduku la kubebea barafu, nafasi yangu ya msemaji katika klabu, na sauti ya dada yangu kwa miezi mitatu. Nimehesabu mara mbili. Glasieri yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Majina sitataja. Lubumbashi ni kubwa, lakini si kubwa kiasi hicho.

Hapa mnanijua kama mjomba wa mtoto mmoja wa SS, ile selimundu yetu, kutoka mtaa wa Makomeno. Wengine mnanijua kwa chaja na vifaa vya simu ninavyouza karibu na lango la chuo, Kasapa, kabla ya masomo na baada yake. Huko chuoni tuna klabu ya wanafunzi wanaotetea utafiti wa seli shina. Kwa walio wageni: seli shina ni seli changa ambayo bado inaweza kuzaa seli za kazi mbalimbali. Zile zinazotengeneza damu zimo ndani ya mifupa, na nyingine zimo katika damu inayobaki kwenye kitovu mtoto akizaliwa. Katika nchi zenye vyombo, wako watoto wa SS waliopona kwa kupewa seli za ndugu yao aliyelingana nao. Hayo ni kweli. Mkumbuke kwamba ni kweli, maana shida yangu haikuanza na uongo.

Klabu ilinichagua kuwa msemaji kwa sababu moja: najua kuuza. Wenzangu walinizidi kusoma, lakini wakisimama mbele ya watu wanaongea na ubao.

Sasa, dada yangu alikuwa na mimba ya pili. Nikamwambia kwamba damu ya kitovu cha huyu anayekuja, huenda ikamponyesha mkubwa wake. "Huenda" nililisema polepole. Yeye akasikia yaliyobaki.

Kikwazo kikawa mama-mkwe wake. Alifika kutoka Kilwa yetu ya huku ziwani juu ya lori, na samaki wakavu na jembe dogo lililofungwa kitambaa. Katika ukoo wao, nyanya ndiye anayezika kondo na damu yake ndani ya kiwanja cha nyumba, siku ileile ya kuzaliwa, ili mtoto awe na kwao. Nikaketi naye huyo kambo, maana nyanya huku tunamwita hivyo.

"Kambo, miye nataka damu tu. Kondo ni yako yote."

"Weye unakatakata mutoto kama nyama ya soko?"

"Sikate kintu, kambo. Hii damu, ku lopitali banaitupaka."

"Kwetu hatutupake."

"Basi tugawe. Nusu kwako, nusu kwangu."

"Nusu ya nani? Ya mujukulu wangu?"

Tuliongea hivyo juma zima. Mimi nilikuwa nimechoka. Yeye ndiyo kwanza anapata joto. Aliyemshinda si mimi, ni dada yangu. Alipiga magoti na tumbo lake lile, akasema, "Mama, tujaribu. Juu ya ule mukubwa." Kambo akamtazama mkwewe, akanitazama mimi, akasema:

"Kamata. Lakini yenye itabakia, irudie hapa."

Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka pale najiona mkubwa wa soko lote. Nilikuwa nimepata kitu kisichouzwa. Na katika juma lile lote sikujiuliza neno ambalo hata muuza samaki hujiuliza kabla hajanunua: nitaweka wapi?

Mtoto alizaliwa salama, asubuhi. Mkunga akakinga damu ndani ya mfuko, kambo akapewa kondo, mimi nikaweka mfuko juu ya barafu ndani ya glasieri, nikakamata taxi mpaka Kasapa. Klabuni kila mmoja alidhani mwenzake ameshauliza habari ya mahali pa kuihifadhi. Friji ya labo ilikuwa imejaa soda, maana mwanafunzi mmoja alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho siku hiyo. Hata hizo soda zilikuwa za moto. Kuran, yaani umeme, ilikatika tangu jana yake.

Asistanti anayetulea klabuni alifungua glasieri, akaifunga tena kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa choo chenye mtu.

"Hii tunafanya nayo nini?"

"Tunaihifadhi, shefu."

"Kwa baridi gani? Mashini ya kuigandisha iko wapi? Daktari wa kuipandikiza ni nani? Umepima kama inalingana na ya mukubwa?"

Akaonyesha afishi yetu ukutani, ile niliyoiandika mimi mwenyewe, ikisema dawa ya kesho imo ndani ya seli.

"Uliandika kesho," akasema. "Juu ya nini ulienda kuuzishia dada yako ile kesho kama leo?"

Jioni nilirudisha damu Makomeno. Barafu ilikuwa maji. Kambo alikuwa ameshafukia.

"Kondo imelala toka asubuhi," akasema, "damu iko inatembeatembea mu taxi."

Hakunitukana zaidi ya hapo. Alichukua jembe, akafukua mwenyewe, akazika tena. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na kichanga kifuani.

"Yaya," nikaanza, kama ninavyomwita dada mkubwa.

"Nilipigia mama-mukwe magoti juu ya maneno yako," akasema. "Usikuye tena hapa mupaka nikuite."

Hakuniita. Shemeki, mume wake, alikuwa akinisalimu barabarani kwa kichwa tu, kama polisi aliyechoka. Mwenye glasieri aliikataa kwa kuwa ilibeba damu, nikailipa, na kule Kasapa wakanibatiza Monsieur Glasieri; mpaka wateja wa chaja waliniuliza kama nina barafu. Nikaacha klabu. Niliwaambia watu kwamba ni kwa ajili ya mitihani, na mitihani yenyewe sikuisomea.

Halafu siku moja simu ikalia. Shemeki. Mtoto mkubwa alishikwa na maumivu ya mifupa, homa ikapanda, damu ikashuka. Hospitali inataka watu wa kutoa damu. Shemeki alikuwa ametoa karibuni, wakamkatalia. Dada alikuwa na miezi mitatu tu tangu azae.

"Bale banafunzi yako ya kelele," akasema, "banaweza kutoa?"

Nilikwenda Kasapa, nikaingia kwenye ukumbi kabla profesa hajafika. Wakaanza: "Glasieri! Glasieri!" Nikangoja wamalize. Kisha nikasema maneno ambayo muuzaji hasemi. Nikawaambia: damu yenu haitamponyesha mtoto huyu. Seli shina hapa hatuna. Damu yenu itamfikisha juma lijalo tu, na pengine baadaye nitarudi kuwaomba tena.

Vijana wa mpira, wenye vifua kama milango, wakaanza kutafuta kalamu chini ya meza. Aliyesimama kwanza ni msichana mmoja wa klabu, ndiye aliyenitungia lile jina.

"Nikimaliza bananipatia soda?"

"Moja."

"Mbili, Glasieri."

"Mbili."

Wakaja wanne. Damu ikapimwa, na jioni mfuko wa kwanza ukatundikwa. Kambo alikuwa kwenye kiti karibu na kitanda, anatazama tone kwa tone. Mwishowe akaniita kwa kidole.

"Hii ya bantu ya Kasapa, tutaizika wapi?"

"Hii hatuizike, kambo. Inabakia mu mutoto."

Akafikiri sana. "Basi iko na kwabo," akasema, akajifunika kitenge chake.

Kulipokucha mtoto aliomba chai. Dada yangu alipita mbele yangu na bakuli, akasimama, na neno lake la kwanza baada ya miezi ile yote likawa: "Ulikula?" Nilikuwa nimekula. Nikasema hapana.

Klabu bado ipo, nami nimerudi, si kama msemaji. Tunaendelea kudai utafiti na vyombo, kwa sababu bila kudai havitakuja. Lakini afishi yetu sasa inaanza na yale tusiyo nayo hapa, na wanachama wanatoa damu kwa zamu. Nawashukuru wale wanne, asistanti, shemeki aliyemeza kiburi chake akapiga simu, na kambo, ambaye hakunisamehe kwa maneno lakini amenitumia samaki. Fundisho langu ni dogo: ukimpa mgonjwa habari njema, mwambie palepale iko mbali kiasi gani.

Sasa ombi. Jumapili iliyopita dada yangu alikuwa anamwogesha yule mkubwa. Akaniuliza bila kugeuka:

"Sema bila kupamba. Ile kintu ya seli itafika huku mbele ya huyu kukomaa, ao niache kuingoja?"

Nikamwambia nitauliza. Asistanti hajui, na vitabu havijui Makomeno. Ninyi mmelea watoto wa SS miaka mingi kuliko niliyosoma. Wengine wamekuwa wakubwa, wengine mmewazika. Mlikuwa mnangoja kitu? Kungoja kuliwabeba, au kuliwavunja? Nimwambie angoje, au nimwambie aache? Leo nikitoka hapa naenda kwake, na yeye anajua nimekuja kuuliza.