Bi Dira na Upande wa Mgeni

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Bi Dira atafunga droo ya kaunta namba moja na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika Ofisi ya Wageni ya jiji letu, yote katika chumba kile kile cha chini na kwenye kiti kile kile, ambacho kimebadilishwa kitambaa mara tatu.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu kaunta namba mbili ni yangu, na kwa miezi tisa tumekaa bega kwa bega. Hii ni rasimu ya tano. Nne nimezichana. Nitajitahidi kwenda kwa mpangilio, ingawa ndani ya faili lake kuna karatasi moja ambayo hainipi utulivu. Nitaifikia.

Alianza kama mpokea simu. Wakati huo orodha yetu ya vivutio ilikuwa na mistari miwili, Makumbusho na Mnara wa Saa. Mgeni aliyeamka mapema alikuwa amevimaliza vyote kabla ya adhuhuri, akarudi kuuliza sasa afanye nini. Bi Dira akaanza kutumia saa yake ya chakula kuzunguka mitaa na daftari la shule mkononi. Ndiye aliyetuletea Mtaa wa Mafundi Shaba, ambako birika na sinia bado hufuliwa kwa nyundo mbele ya macho yako. Ndiye aliyewabembeleza wafuma mikeka wa soko la kale wakubali kutazamwa wakifanya kazi. Tarishi mmoja, ambaye sasa amestaafu, alisema ofisi haina haja ya kununua dira maana inayo moja inayokunywa chai. Jina likaganda hapo.

Jengo la Vioo lilipokamilika, ghorofa thelathini na moja na lifti inayoonekana kutoka barabarani, watumishi waligawanyika. Wakubwa walisema mgeni hasafiri kuja kutazama vioo. Vijana walisema hakuna anayekuja kutazama sinia. Bi Dira aliwaacha wabishane, akaenda kuhesabu hatua kutoka Mnara wa Saa hadi kwenye lifti. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa Matembezi ya Jumamosi, miaka kumi na tisa iliyopita: asubuhi kelele za nyundo, mchana jiji zima chini ya miguu yako. Siku ya kwanza walitokea wageni wanne, na mmoja wao alikuwa ameingia kutafuta choo. Huyo ndiye aliyetembea mpaka mwisho.

Anayefanya kazi naye atakumbuka jambo moja kuliko yote. Bi Dira hamwelekezi mtu akiwa amekaa. Mgeni akiuliza njia, yeye huinuka, huzunguka kaunta, husimama ubavuni kwa mgeni, wote wawili wakitazama barabarani, ndipo anyooshe mkono. Ukibaki ng'ambo ya meza, kulia kwako ni kushoto kwake. Siku moja ya msimu wa wageni nilihesabu: aliinuka mara sabini na mbili, na goti lile linalomsumbua. Nilimwambia, "Mama, si uwaonyeshe tu kwa kidole?" Akasema kidole kinamjua yeye, mgeni hakimjui.

Na neno "kulia" alilifuta kabisa kwenye karatasi zetu. Ilitokana na mwanafunzi mmoja mgeni wa Kiswahili, aliyepewa maelezo yasemayo: "Ukifika kwenye sanamu, simama kulia." Mlinzi alimkuta pale ameshika leso, anauliza kwa adabu kama inatakiwa alie kwa sauti au kimoyomoyo. Tangu hapo tunaandika "mkono wa kuume".

Mumewe, fundi cherehani, hataki kusikia sifa hizi. Anasema, "Mji mzima anaujua, lakini mfuniko wa sufuria mpaka nimwonyeshe mimi." Binti yao muuguzi anathibitisha, tena ameomba liandikwe.

Sasa ile karatasi.

Ni barua ya onyo ya mwezi Machi, ya pekee katika faili la miaka thelathini na minne. Wengi mnaijua habari yake kwa upande wa kuchekesha. Kipeperushi kipya cha Matembezi kilitoka, na walimu wastaafu ishirini na sita wakakifuata wenyewe, siku ya Jumanne. Walipofika Mnara wa Saa walikata mkono wa kuume kama kilivyosema, badala ya kushoto kwenda kwa mafundi shaba, wakafika kwenye yadi ya magari mabovu ya manispaa. Mlinzi alidhani ni wanunuzi wa mnada. Aliwapokea vizuri, akawafungulia lori la taka, akawahakikishia kwamba injini bado nzima. Mwalimu mmoja, mzee mwenye fimbo, alikaa kwenye jua kali juu ya tairi kwa saa moja akisubiri gari. Ndiye aliyeandika malalamiko, na ilikuwa haki yake.

Mkurugenzi alituita, akauliza kipeperushi ni cha nani. Bi Dira akasema, "Kimetoka mezani kwangu." Barua ikaandikwa kwa jina lake. Kwa kanuni zetu, mwenye onyo la ndani ya mwaka hapewi mkataba baada ya kustaafu. Ndiyo maana Matembezi ya Jumamosi, kitu pekee alichoomba kubaki nacho, yametangazwa kutafutiwa mtu mwingine.

Kipeperushi kile nilikiandika mimi.

Nyumbani kwangu ni karibu na Jengo la Vioo. Badala ya kuianza njia ofisini kama alivyoniagiza, niliipima nikiwa naja kazini asubuhi, kutoka mwisho kuja mwanzo. Kisha nikageuza mpangilio wa vituo kwenye karatasi na nikasahau kugeuza mikono. Kwa anayetoka nyumbani kwangu, pale mnarani ni kuume kweli. Bi Dira alitia saini bila kukagua kwa sababu alikuwa amenisifu kwa watu kwamba mwandiko wangu hauna kosa. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Siku ile aliposema maneno yale matatu nilikuwa nimesimama nyuma yake, na sikufungua mdomo. Mwezi Mei nilithibitishwa kazini. Alininunulia kalamu.

Jumatano asubuhi nimempelekea Mkurugenzi barua yangu pamoja na ukurasa wa daftari nilioandika njia ile, wenye tarehe na mwandiko wangu. Nimeomba onyo lihamishiwe kwenye faili langu na tangazo la Matembezi lisimamishwe. Programu hii ya sherehe ya kumuaga inakwenda kuchapwa leo Alhamisi na jibu halijatoka. Mhariri ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwomba aiache kama ilivyo.

Bi Dira, najua utasema sikupaswa, na kwamba hayo yalikwisha. Nisamehe kwa kulileta jambo hili siku ya sherehe yako, lakini sikuipata siku nyingine ambayo watu wote waliosikia kosa lile likiitwa lako wangekuwa chumba kimoja. Ofisi nzima inakushukuru kwa kila mara uliyoinuka. Tunakuombea siku nyingi zenye afya, goti lipumzike, na mfuniko wa sufuria uonekane.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa ofisi. Jibu likija jema, nitakubebea daftari. Lisipokuja, nitakuja kama mgeni mwingine yeyote, niulize njia ya kwenda kwa mafundi shaba, tuitembee kuanzia mwanzo. Ila safari hii usizunguke kaunta. Mimi ndiye nitakayekuja upande wako.