Hared Awil wa Maabara, na Damu ya Kowsar

Bismillahi. Ndugu, majirani na wageni wetu, haya yameandikwa na mjane, Weris Alio, nami Abdiwahid, mdogo wa marehemu, nayasoma kama alivyoyaandika.

Hared Awil alizaliwa Ijara mwaka 1964, mtoto wa tatu wa Mzee Awil na Mama Arbia, akasoma shule ya msingi huko huko, sekondari hapa Garissa, na mwaka 1986 akaenda Nairobi kusomea kazi ya maabara.

Tarehe 12 Juni 1993 alimwoa Weris, binti wa mjomba wake, mwaka uliofuata wakajaliwa Mustafe, mtoto asiyeweza kukaa wala kushika shingo, Mungu akamchukua akiwa na miaka miwili, madaktari wakasema mwili wake haukuweza kuandaa ile sukari inayopachikwa kwenye protini. Hapo Hared akaomba kazi kwenye maabara ya utafiti huko Nairobi, akawa anatunza kimeng'enya cha binadamu, kile kinachoiandaa sukari hiyo mwilini, kilichotengenezwa ndani ya bakteria, anakipima pamoja na kile cha damu ya wagonjwa, ijulikane kimeharibika wapi. Mama Arbia alikuwa akimtania, wewe, sukari tele iko kwa chai, ndani ya damu unaitafutia nini, naye akicheka, hooyo, mama yangu, ya chai haijui njia.

Desemba 21, 1997, katika mvua zile za mafuriko, alifika hapa nyumbani na lori kuchukua damu ya Kowsar, binti yao wa miezi minane, apimwe kama ana ugonjwa wa kaka yake, arudi nayo Nairobi na lori hilo hilo kesho yake. Weris akamkumbatia mtoto, akasema, baba Kowsar, huyu humchomi sindano, Mustafe mlimchoma mara saba na bado tukamzika. Hared akasema hatamchukua kwa nguvu, lori likaenda, akangoja Weris akubali, siku moja, mbili, tatu, na ya nne mbuzi akaanguka zizini anakata roho, naye, mtu ambaye kazini hagusi kichupa bila glavu, akamwahi kwa kisu mikono mitupu, kama sisi sote tunavyofanya, nyama isiwe haramu. Homa ile ya mifugo ikamshika, akatoka damu puani na kwenye fizi, akafariki Januari 3, 1998, adhuhuri, ndani ya Ramadhani.

Weris ametaka isomwe mbele ya watu kwamba ni yeye aliyemkalisha hapa lori lilipoondoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopita kwenye maji hadi magotini kuja kuzika, na wenzake wa maabara waliomtuma Bwana Keinan kwa ndege ya madaktari, ameketi hapa na boksi lake la barafu la kubebea damu. Baada ya dua Weris atamshika Kowsar yeye mwenyewe, atautoa mkono wa mtoto nje ya shuka achomwe sindano, anaogopa, wallahi anaogopa sana, lakini atamshika.

Pumzika kwa amani, baba Kowsar.