Bi. Badria Shamte na Kisiwa Asichokisimulia

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Badria Shamte anavua sare ya kazi baada ya miaka ishirini na sita katika kliniki yetu ya kusafisha damu hapa Missouri City, pembeni ya Houston. Uongozi umeandika habari zake kwa Kiingereza, mtazikuta mwanzoni mwa programu hii pamoja na vyeti vyote. Waraka huu wa kwetu, sisi wa Kiswahili wa zamu ya asubuhi, unahusu mambo ambayo uongozi haukuyaona, au uliyaona ukanyamaza.

Bi. Badria ni mzaliwa wa Unguja. Alikuja Texas na mumewe, Bwana Swafwani, dereva wa malori. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanga maboksi ya viatu kwenye ghala moja kule Mesquite, na mpaka leo ukimwonyesha boksi lolote atakwambia limefungwa ovyo. Walipohamia huku Houston alianza kwetu akiwa msaidizi wa kuosha mashine, akasoma uuguzi jioni huku analea watoto, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Mkono wake wa sindano ni mwepesi mno. Wagonjwa wenye mishipa ya shida humsubiri yeye tu, hata kama sisi wengine tumesimama pale na glavu tumeshavaa. Tumeshazoea kudharauliwa hivyo.

Jambo moja limetuchekesha miaka yote: mtoto wa kisiwani, na kuogelea hajui. Maji anayaogopa waziwazi. Hata hivyo, mafuriko ya mwaka 2017 yalipofunga barabara, alipanda boti ya jirani akiwa amefumba macho, akaja kazini, kwa sababu wagonjwa wetu hawawezi kungoja mvua iishe ndipo wasafishwe damu. Alikaa hapa mpaka maji yakapungua. Ukimuuliza leo, anadai hakumbuki kupanda boti yoyote.

Sasa nimlete Mwalimu Kipngeno, maana bila yeye habari hii haikamiliki. Mwalimu alifundisha biolojia sekondari huko Kericho, hadi figo zilipomwangusha akaja kuishi na binti yake, Jepchirchir. Mara tatu kwa wiki hukaa kwenye kiti cha dirishani, damu yake ikipita kwenye mashine. Miaka yote ya ualimu aliwachorea wanafunzi ubaoni midomo ya ndege wa visiwa vya Galapagosi, na visiwa vyenyewe hakuwahi kuviona. Bi. Badria alimsikiliza akivieleza wakati akimfunga bendeji, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo watoto wake walipotaka kumzawadia safari kabla ya kustaafu, na Nuha, kitinda mimba wake, akapendekeza meli ya starehe ya kutokea Galveston, mama alisema anataka kwenda Galapagosi. Nyumba nzima ilidhani anatania.

Safari ilipokaribia, mwanzoni mwa mwaka huu, Mwalimu alikuwa ameanza kukosa vikao vya kusafishwa damu. Kwa mgonjwa wa figo huko ni kuchezea uhai, naye alilijua hilo kuliko sisi. Jepchirchir alikuwa amejitolea kumpa figo yake moja, na baba akakataa hata kupimwa. Alisema hawezi kumpasua mtoto wake ili yeye apate kuzeeka. Siku Bi. Badria alipokwenda kumuaga, Mwalimu alimjibu akiwa anaangalia dirishani: "Nimechoka, Sister. Ukirudi utapata kiti yangu iko empty."

Bi. Badria akasafiri na maneno hayo kifuani.

Mzigo wake aliufungasha kama mtu anayekwenda ukweni: visheti, achari, na embe mbichi za kutosha. Lakini visiwa vile vinalindwa hasa. Mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda ndege, kwa sababu mbegu moja ngeni au mdudu mmoja aliyejificha kwenye tunda anaweza kuwaharibia makao viumbe wa kule. Embe zikachukuliwa. Bi. Badria alijaribu kumweleza mkaguzi kwamba kwao kuingia kwa watu mikono mitupu ni aibu. Mkaguzi alimsikiliza kwa adabu zote, na embe hazikurudi.

Kutoka nako ni vilevile, huruhusiwi kubeba kombe, jiwe wala mchanga. Mswahili akarudi safari bila zawadi! Chumba cha chai kilimsema wiki nzima, na mimi nikiwa mstari wa mbele.

Alichokiona kule ndicho tulichokuja kukifaidi. Bandarini alikuta simba wa baharini amelala chali kwenye benchi la abiria. Bi. Badria akapiga hodi kwa mbali, mnyama akafungua jicho moja, akalifunga, na mama wa watu akasimama mpaka boti ilipokuja. Siku nyingine alivaa vazi lake la stara la kuogelea, akaweka jaketi la kuokolea juu yake, akamshika kiongozi wa msafara mkono kwa nguvu zote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatia uso baharini. Kasa mkubwa akapita chini yake taratibu, bila wasiwasi wowote. Anasema alilia humo humo ndani ya miwani ya kuzamia, ikajaa ukungu, akakosa kuona mkia.

Aliporudi kazini, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu kweli. Hakulaumu mtu. Alimpigia Jepchirchir simu na kumtuma ujumbe kwa babake: "Mwambie Mwalimu, kila kikao kipande kimoja cha kisiwa. Asiyekuja kimempita, na mie sirudii."

Kikao kilichofuata Mwalimu alikuja, amenuna, akisema amekuja kusahihisha makosa tu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi tangu majira ya kuchipua hadi kiangazi. Bi. Badria alivuta kiti, akasimulia. Aliigiza mijusi wakubwa wa baharini wanaopiga chafya ya chumvi, na ndege wenye miguu ya buluu wanaonyanyua mguu mmoja mmoja wakimtongoza mwenzao. Mwalimu alimuuliza maswali kama yuko kwenye mtihani. Samson, mgonjwa wetu, dereva wa Kikongo, akaomba ahamishiwe kiti cha jirani. Dada Flaviana, mgonjwa mwingine, alilalamika kwamba habari za bahari zinamtia kiu, na wagonjwa wetu hupimiwa maji ya kunywa kidogo kidogo, basi siku ile tukapewa kobe wa nchi kavu. Mwalimu hakukosa tena hata kikao kimoja.

Ilipofika Julai kilibaki kisiwa kimoja tu, Fernandina, wanakoishi wanandi, wale ndege wa baharini waliosahau kuruka. Bi. Badria alivuta kiti kama kawaida, akakitaja jina. Mwalimu akanyanyua mkono ule usio na mipira ya mashine.

"Hiyo usiniambie. Nataka kuiona mwenyewe." Kisha akauliza: "Hiyo test ya transplant ina-start wapi? Na umwambie Jepchirchir wewe. Mimi nikisema nitalia."

Katika miaka yote sijamwona Bi. Badria akilia kazini. Siku hiyo alikwenda kukagua mashine ambayo haikuwa na tatizo lolote, akaikagua kwa muda mrefu.

Vipimo vya baba na binti vimeanza, na vya mwanzo vimekwenda vizuri. Madaktari hawajasema neno la mwisho, nasi hatutawatangulia.

Bi. Badria, ahsante kwa mkono mwepesi, kwa visheti vya kila Idi, na kwa kutugombeza bila kutununia. Tutakukosa vibaya sana, na wengine tumeshaanza. Nenda ukapumzike na Bwana Swafwani, Mungu akupe afya na miaka mirefu yenye raha, na kama utataka, jifunze kuogelea.

Nanyi wageni wetu, leo ukumbini muulizeni habari za kisiwa chochote, atawasimulia mpaka pilau ipoe. Fernandina tu msimuulize. Hicho kina mwenyewe.

Naserian, kwa niaba ya zamu ya asubuhi