Chumba cha Mbele Nawapa Wagonjwa wa Koo

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, sogeeni hadi miguuni pa kitanda, na wewe Chome izime hiyo simu, maana kidude hiki ninachokibana shingoni ndicho kinachonisemea, na betri yake haimngoji mtu. Kinakoroma, najua. Wajukuu wanasema bibi anaongea kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Wacheke. Tangu madaktari wa Mombasa waliponipasua koo, wakaiondoa saratani pamoja na sauti yangu na kuniachia tundu la kupumulia, sina nyingine. Sasa ugonjwa umerudi, na safari hii haukatiki. Basi nasema leo, nyote watatu mkiwa hapa, asije mmoja kesho akadai hakusikia.

Minazi na vyumba viwili vya nyuma mtagawana kwa sheria ya dini yetu, kadhi atawapigia hesabu, na Esha asipunjwe kwa kuwa ni mwanamke. Lakini ile theluthi ambayo sheria imeniachia nimpe nimtakaye asiyekuwa mrithi, ni chumba hiki cha mbele. Nyumba hii niliijenga kwa kusuka makuti ya mahoteli ya Diani mpaka vidole vikaota sugu, wala hapana aliyenishikia hata upande mmoja wa kuti. Chumba hiki nawapa wagonjwa wa koo wanaotoka mbali kuja kliniki hapa Msambweni, wapate pa kulala.

Menza, usigune. Wewe ndiye mkubwa na ndiye uliyemwahidi kijana wa kutengeneza simu kwamba atafungua duka humu. Ulikuja na Chome mkaupima mlango kwa utepe, nami nimelala hapa hapa, macho nimeyakodoa, mkabishana habari ya kodi juu ya kichwa changu. Mlidhani asiyesema hasikii.

Wala hamkuanza siku hiyo. Niliporudi kutoka hospitali watoto wa mtaa waliacha kuniamkia, eti bibi hawezi kuitikia marahaba, tumwamkie ya nini? Wakawa wananipita kizingitini kama wanavyokipita kinu, na nyinyi wakubwa mkafuata mkondo huo huo. Esha, wewe ulikuwa ukinifunga leso shingoni kila alipokuja mgeni, unaona haya ya tundu. Siku moja ukaikaza hata nikaanza kutupa mikono na macho kunitoka, nawe ukapiga kelele kwamba napandisha mashetani, ukakimbilia chetezo. Ubani, mwanangu! Mtu anapumulia shingoni, umeziba shingo, halafu unamfukizia moshi!

Aliyeifungua leso ile ni Caroline wa ustawi wa jamii, ndiyo kwanza anaingia mlangoni kututembelea. Binti wa bara, Kiswahili chake kinakwaruza masikio. Alisubiri pumzi zinirudie, akainama, akasema, "Shikamoo, mama." Kisha akanikazia macho usoni.

Chome ukamwambia, "Zungumza na sisi, dada. Mama hana sauti."

Akakujibu, "Nimemwamkia yeye. Namngoja yeye."

Akangoja kweli, mpaka nikagonga ubao wa kitanda kwa kiganja, ndiyo marahaba yangu. Nililia, na mnajua mimi si mtu wa kulia ovyo.

Huyo ndiye aliyewafundisha kunisafisha tundu, akawahamishisha jiko la mkaa, akamwonyesha Esha kitambaa chepesi chenye unyevu cha kuzuia vumbi, akanihangaikia na kidude hiki mpaka kikapatikana. Na ndiye aliyenikutanisha na Kitsao wa Mkwiro, kule kisiwani, mchuuzi wa pweza, aliyekatwa koo kama mimi. Mara ya mwisho Kitsao alichelewa kivukoni, akakuta kliniki imefungwa, akakaa bencheni kungoja kesho. Makohozi yakamkaukia tunduni, akawa anapiga ukuta kuomba msaada, mlinzi akamdhania mlevi akamtoa nje ya lango. Tangu hapo hataki tena kusikia habari ya kliniki, na tundu lake limeanza kuoza. Caroline amemvukia kisiwani mara nyingi kumbembeleza. Juzi amekubali, iwapo tu atalala kwa mtu anayemwelewa. Anakuja kesho.

Nilitaka kusema kwamba nikishazikwa ndipo muwafungulie wagonjwa chumba hiki. Lakini nawatazama hapa. Menza anautazama mlango, Chome anamtazama Menza. Mimi ndiye niliyewazaa, nawajua. Nikifa leo, kabla matanga hayajaanuliwa mtakuwa mmeshapigilia rafu za simu ukutani.

Kwa hiyo sitangoja kufa. Kishikeni kitanda hiki, nami nikiwa juu yake, mnihamishie chumba cha nyuma. Nitafia huko. Esha, fagia hapa, lakini mwagia maji kwanza vumbi lisipande, umtandikie Kitsao mkeka na godoro, umtilie maji ya kuchemsha kwenye birika lenye kifuniko, na kioo kidogo ukitundike karibu na dirisha apate kujiona akijisafisha. Nataka nimsikie akikohoa nyuma ya ukuta huu nami ningali hai.

Ngojeni... mkono umechoka kukibana.

Radhi zangu mnazo. Hata wewe Menza, na guno lako. Mola awape afya... awape na watu wa kuwangoja mtakapokuwa... hamwezi. Esha, usilie juu yangu, utanilowesha.

Haya. Menza, shika kichwani. Chome, miguuni.

Inueni.