Leta Ganda Lako: Maisha ya Romanus Kinunda, Muuza Vijiko vya Baruti

Padre, ndugu waombolezaji, wanakijiji wenzetu, na ninyi mliopanda milima kutoka ziwani, poleni kwa msiba, familia imemtuma Bernadi, shemeji wa marehemu, huyu anayesimama mbele yenu, awasomee maisha ya Romanus Kinunda, na imemwonya asipunguze wala kuzidisha, maana marehemu hakupenda kipimo cha kukisia.

Romanus alizaliwa Matiri tarehe 4 Machi 1926, mtoto wa tatu wa Mzee Xavery na Mama Getrude, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1936 hadi darasa la nne mwaka 1939, akaishia hapo kwa kuwa baba yake aliugua na kahawa ilihitaji mikono. Mwaka 1950 aliajiriwa Songea na mfanyabiashara mmoja wa bunduki, akajifunza kazi ambayo wengi wetu hatujaielewa mpaka leo, yaani kuuza vifaa vya kujazia upya maganda ya risasi za shotigani yaliyokwisha kupigwa, na Julai 1962, kibali cha serikali kikiwa mkononi, akafungua chumba chake mwenyewe Mbinga.

Tarehe 6 Juni 1953 alifunga ndoa na Kunigunda, binti wa Lituhi, na Bernadi anakiri mbele yenu kwamba aliipinga sana, akidai dada yake anapelekwa milimani kulala na baruti uvunguni, wakajaliwa Walburga mwaka 1954, Wendelin mwaka 1957 na Margareta mwaka 1961, wote hawa mnaowaona wana vidole kumi kumi.

Wateja wake walikuwa wakulima wenye shotigani moja ya kufukuzia nguruwe na nyani, au watu wa ziwani waliosumbuliwa na viboko kwenye mpunga, ambao risasi mpya iliwagharimu zaidi kuliko mazao waliyoyalinda. Mashine ndogo ya mkono aliiuza shilingi arobaini, nayo ilifaa bunduki zote, lakini kikunjio cha mdomo wa ganda na kijiko cha kupimia baruti viliuzwa kando, kila kimoja kwa namba ya bunduki yake, kumi na mbili, kumi na sita au ishirini, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Walimwuliza tangu lini jembe likauzwa bila mpini, naye akawajibu kwa upole kwamba mpini usipokaa sawa utapata lengelenge tu, baruti haisamehi hivyo.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo marehemu aliagiza lisifichwe. Februari 1968 Placidi, mkulima wa Litembo, mdogo kwake kwa miaka saba, alishuka kwa miguu kutafuta kijiko cha namba ishirini, kijiko hicho hakikuwepo, na Romanus, kwa huruma na pia, tusidanganyane, kwa kutotaka kupoteza mteja, alimuuzia cha kumi na mbili, ambacho ni kikubwa zaidi, maana kwa bunduki namba ikipungua mtutu unapanuka, kwa nusu bei, akakikwaruza alama kwa msumari na kumwambia baruti isivuke hapo. Siku ya tatu nguruwe waliingia shambani, Placidi akajaza kwa haraka mpaka ukingoni, bunduki ikapasuka, na mkono wake wa kushoto ukabaki na vidole viwili.

Hakuna baraza lililomhukumu Romanus, alijihukumu mwenyewe. Tangu siku hiyo hakumuuzia mtu kijiko kabla ya kuona ganda tupu la bunduki yake, awe diwani au katekista alimwambia leta ganda lako, na waliotoka Mbamba Bay mikono mitupu walirudi hivyo hivyo wakimsema, wakambandika jina la Bwana Ganda, wala hakupunguza bei tena, akisema bei ya huruma ilikwisha kula vidole vya mtu. Na kila Machi alifunga duka wiki mbili, akapanda Litembo kuchimba ngolo za Placidi, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, misimu minane mfululizo, Placidi akiipokea kazi ile bila hata shikamoo. Hilo lilimuuma kuliko matusi yote, kwani kila aliporudi Kunigunda alimwuliza kama leo amesalimiwa, naye alitikisa kichwa na kuomba maji ya kunawa.

Mwaka 1974 chumba chake kiliingizwa katika duka la kijiji cha ujamaa, akakabidhi vijiko vikiwa vimefungwa kamba mbalimbali kwa namba zake, akabaki muuzaji wa kuomba ruhusa kila Machi. Januari 1976 alianza kuvimba miguu, akalazwa hospitali ya Litembo kwa maradhi ya moyo, Machi ikapita, akawasumbua wauguzi kutwa akiuliza ngolo zile zinachimbwa na nani, hadi alipofariki tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru waganga na masista, majirani walioleta kuni na unga, wafanyakazi wenzake wa duka, pamoja na vijana waliochimba kaburi. Karatasi iliishia hapo jana, haya yanayofuata yameongezwa leo kwa amri ya Kunigunda. Asubuhi Placidi alifika na jembe lake, akawaomba vijana wampishe, akachimba kwa mkono ule wa vidole viwili mpaka ardhi ikamfika kifuani, kisha akaja hapa penye jeneza, akavua kofia, akasema shikamoo, kaka.

Bwana Ganda, umesalimiwa. Pumzika sasa.