Nilipoacha Kula Barazani

Wazee, shikamooni. Vijana wenzangu, hamjambo. Nikisimama mimi watu huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Leo ngojeni kidogo.

Mnajua marehemu mke wangu alivyoumwa. Kiuvimbe kwenye titi, kigumu kama kokwa, kikakua mpaka kikapasuka, kikawa kidonda. Nikampeleka Lindi kwa daktari wa Kidachi. Akamtazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Kijerumani chao chote nilichochapiwa viboko shuleni, siku ile sikuhitaji hata neno moja. Wengine wakaniambia nimtafutie maji ya dawa. Nikawauliza, yale yale ya vitani? Yameshindwa risasi, yataweza titi?

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ndugu zangu, nawaambieni, upweke wangu ulianzia hapo. Mtu akishacheka na wewe, anaondoka akijua u mzima.

Sasa, sisi wanaume wa Mitwero jioni kila nyumba inatoa chakula, tunakula pamoja barazani. Mke wangu alipokosa nguvu za kutwanga makopa ya muhogo, nikatwanga mwenyewe, nikasonga, nikatoka na sahani yangu. Ugali mbichi! Mmoja wenu, simtaji, anajijua, akauliza, "Huu wa kula au wa kuzibia ukuta?" Kicheko mpaka kwa akina mama. Mimi nikacheka kuliko wote. Kesho yake sikutoka. Ulikuwa mwaka wa njaa baada ya vita. Unakaaje kwenye sahani za wenzio na nyumba yako haijatoa kitu?

Nikawa nakula nyuma ya mlango. Siku nyingine sili. Wageni wakapungua, kwa ile harufu. Anayepita anauliza huko huko nje, "Mgonjwa hajambo?" Nikijibu, "Hajambo kidogo," huyoo, kaenda zake.

Siku moja mke wangu akaniuliza toka kitandani, "We bwana, umekula?"

"Nimeshiba mpaka naona aibu."

"Mbona sijasikia ukikwangua chungu?"

Akageukia ukutani, akalia. Ana kidonda chake, bado analilia na njaa yangu.

Jioni ile mtani wangu akapiga kelele uani, "We mchoyo! Unakula peke yako kama fisi, umeficha nini humo?" Nikatoka na jibu langu tayari. Nikakuta baraza nzima imehamia kwangu, watu wanatandika mkeka, sahani ziko chini. Kumbe mke wangu alimtuma mama jirani akawaambie. Nikaanza utani. Hakucheka mtu. Mtani akanimiminia maji mikononi, akasema, "Leo nyamaza. Kula."

Tonge la kwanza nililia nalo mdomoni. Ndani mke wangu akaita, "Mpeni na mchuzi, jamani, kakonda kuliko mimi!"

Mkaja kila jioni mpaka Mungu alipomchukua. Yeye hakupona. Mimi nilipona, na nyinyi ndio dawa yenyewe. Mungu awalipe, na wewe mama uliyetumwa, zaidi.

Nimejifunza hivi: ukishauliza hali ya mgonjwa, muulize na anayemuuguza. Tena usiulizie nje.

Kuna mwenzetu leo hayupo hapa. Mkewe hatoki ndani, na yeye tumezoea kumsikia akisema hajambo. Naye simtaji. Mimi nikitoka hapa naenda kwake. Anayekuja, anyanyuke.